Maji ya Tana Yanayotokea Sabaki

SWALI: "Maalim, asalaam alaykum. Mimi ni mama wa Langoni, Lamu. Nauza kamba na samaki wakavu ninaoletewa na kaka yangu wa Kipini. Miaka hii kaka halali kwa malalamiko: kamba wamepungua, na upande wa Ozi kuna siku mai ya mto yana munyu hata hayanyweki. Vijana wanasema ni lile handaki lililotobolewa chini ya milima huko Murang'a kupeleka maji Nairobi. Mmoja akaongeza kuwa maji yetu ya Tana sasa yanatokea kwenu Malindi, wenziwe wakamcheka. Ni kweli au ni maneno ya baraza? Na kama ni kweli, mbona nyinyi mmenyamaza?"

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na huyo kijana, maana wamemcheka bure. Amesema kweli, ingawa ukweli wake una mikunjo.

Chukua mvua inayonyesha kwenye milima ya Aberdare, upande wa Murang'a. Iachie njia yake ya asili, nayo itaingia mito ya Maragua, Irati na Gikigie, ishuke Tana, ipite Garissa na Garsen, itoke baharini kwenu Kipini. Hilo handaki lina urefu wa kilomita 11.8 na lilizinduliwa 2022. Linadaka sehemu ya maji ya mito hiyo mitatu na kuyapeleka kwenye bwawa la Ndakaini, juu ya mto Thika. Hadi hapo hayajatoka nyumbani, kwa kuwa Thika nao ni mtoto wa Tana. Yanahama kwao yanapoingia bomba la Nairobi, kwa sababu mji wa Nairobi umekaa kwenye bonde la mto mwingine kabisa, bonde la Athi.

Sasa watu wa Nairobi wameoga, wamefua, wamemwaga. Mengine yanafika kwenye mitambo ya kusafishia maji taka kule Ruai. Mengine, tusifichane, yanapita mitaroni na kuingia mtoni kama yalivyo. Yanaangukia mto Nairobi, nao unaingia Athi. Athi ukishakutana na Tsavo huitwa Galana, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki. Ndio huu unaotoka baharini kati ya Malindi na Mambrui. Kwa hiyo mvua ya mlima mmoja inaweza kufika baharini kwa milango miwili, na ghuba nzima ya Ungwana iko katikati. Kilichoamua mlango ni mtu aliyefungua mfereji wa jikoni Nairobi.

Wala hili halikuanza na handaki. Bwawa la Sasumua lilijengwa miaka ya 1950, Ndakaini likakamilika 1994, yote mawili kwenye vijito vya Tana. Nairobi inakunywa Tana tangu mimi sijaota ndevu.

Sasa tuje kwenye munyu wa Ozi, huko chini Tana unapokaribia bahari. Hapa kijana wako na mimi tunaachana kidogo.

Handaki lilipangwa kuchukua mita za ujazo kama 140,000 kwa siku. Takwimu ya namna hiyo humtisha mtu, basi igeuze mapipa. Ni kama mapipa manane ya lita 200 kila sekunde. Pale Garissa, ukichukua wastani wa mwaka, Tana hupitisha zaidi ya mapipa 500 kila sekunde. Ukijumlisha maji yote ambayo Nairobi imekuwa ikisambaziwa kwa siku, ya handaki na ya mabwawa ya zamani, hayapiti sana mapipa 30 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo peke yake, handaki haliwezi kuutia mto munyu. Mtu akikwambia linaweza, muulize amepimia wapi.

Wanaoumia kwanza ni walio chini kidogo ya pale maji yanapodakwa. Kijito kama Gikigie si kitu mbele ya Tana, na ukikinyang'anya mafuriko yake, kinajua. Mawe yaliyokuwa yakisuguliwa kila masika yanaota utelezi, vidimbwi walimozalia samaki vinajaa mchanga mwembamba, wadudu wa majini wanaotaka maji ya kasi wanatoweka, na samaki waliokuwa wakiwala wanawafuata. Kadiri unavyoshuka, vijito vingine vinaingia na jeraha linafunikwa. Mkulima wa Murang'a ana haki ya kulalamika kabla ya kaka yako.

Waliopanga mradi walisema hawatagusa maji ya kiangazi. Watachukua ya mafuriko tu, yale "ya ziada". Kugombana na neno hilo nimezeekea. Mto hauna maji ya ziada kama vile mwaka hauna mwezi wa ziada. Maji ya kiangazi huuweka mto hai. Kazi hufanywa na mafuriko: ndiyo yanayobeba tope, kufungua midomo ya maziwa yaliyokatika na mto, kuinua maji ya ardhini na kuisukuma bahari irudi nyuma. Misitu ya kando ya Tana, anakoishi mbega mwekundu asiyepatikana kwingine duniani, huota pale mafuriko yanapoacha tope jipya na unyevu. Miti mikubwa mizee bado imesimama, na mgeni akipita ataona msitu. Mimi hutazama chini, kama kuna miche.

Na mafuriko ya Tana yalikatwa miguu zamani, kabla handaki halijafikiriwa. Hesabu mabwawa ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Masinga peke yake lilijengwa kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 1.5. Maji ya Maragua, Irati na Gikigie yasipodakwa na handaki hayaji Kipini moja kwa moja. Yanaingia Masinga kwanza na kukaa humo mpaka watu wa umeme waamue kuyaachia. Yakitoka yametoka meupe, tope limebaki chini ya bwawa. Mabwawa yameushusha mto kimo wakati wa masika na kuupandisha wakati wa kiangazi. Anayeusoma kwenye karatasi ya wastani ataapa hakuna kilichopotea.

Utaniuliza, na yale mafuriko ya 2024 yaliyowahamisha watu kule delta? Hayo yalikuja baada ya mvua kubwa, mabwawa yamejaa, maji yakamwagika juu ya kingo. Siyo yale ya kila mwaka ambayo Mpokomo, mkulima wa kando ya Tana, aliyasubiri na kuyapangia mbegu. Bwawa humeza mafuriko madogo yenye faida, na siku ya mafuriko makubwa halina tena pa kuyaweka.

Nikupeleke Ozi sasa, maana munyu una namna yake ya kusafiri.

Nilipokuwa bado kazini nilikwenda kule na kipimo cha umeme, kijiti chenye waya unachotumbukiza majini kikakupa kiasi cha chumvi. Mzee mmoja mwenye shamba la mpunga akanitazama ninavyohangaika na waya zangu. Akachovya kidole, akalamba, akatema. "Leo bado," akasema. "Kesho kutwa." Kipimo changu kilionyesha maji karibu baridi kabisa, yaani yasiyo na chumvi. Kesho kutwa ilikuwa bamvua, siku bahari inapojaa kuliko kawaida. Maji yalipojaa nilitumbukiza kijiti pale pale, na namba zikaruka hata nikadhani betri imekufa.

Mzee alijua kitu ambacho mimi nilikisomea miaka. Mpunga wa Ozi hunyweshwa na bahari bila kuguswa na bahari. Maji yanapojaa, bahari huusukuma mto urudi nyuma, na kwa vile maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, yanaelea juu, yanapanda, yanaingia mashambani. Maji ya chumvi yanajipenyeza chini kama ulimi. Kazi hiyo hutaka mto wenye kifua. Mto ukidhoofika, ule ulimi unapanda zaidi, na ipo siku kinachoingia shambani ni chumvi yenyewe. Mpunga ukishanywa hayo mara moja, msimu umekwisha. Miembe na minazi ya kando huchukua muda, lakini nayo hukauka kuanzia ncha. Kidole cha mzee kilikuwa kinapima nguvu ya mto, si ya bahari, ingawa bahari nayo inapanda pole pole na haisaidii.

Mikoko husema jambo lile lile kwa lugha yake. Mchu huvumilia chumvi kali, haujali. Msikundazi, ambao kule Kipini umejaa kuliko mahali pengine pa pwani yetu, hutaka maji baridi yafike miguuni mwake. Mahali ambapo msikundazi mzee unakufa na mchu mchanga unaota chini yake, huna haja ya kijiti changu.

Na kamba wako? Kamba huzaa baharini. Watoto wao, wadogo mno, huingia na maji kujaa hadi mikokoni, hula na kukua humo, kisha mvua zinapoujaza mto hutoka kwa makundi kurudi baharini. Ndiyo maana kaka yako hushika vizuri baada ya mto kushuka na maji mekundu. Tope lile analolaani likimchafulia nyavu ndilo chakula cha ghuba ya Ungwana. Mto ukishuka mwembamba na mweupe, mkokoni kuna njaa. Lakini mwambie na hili: meli za kukokota nyavu zilifanya kazi ghuba hiyo miaka mingi, zikipita juu ya kamba wakubwa na wadogo, na mikoko imekatwa. Akiutupia mto lawama yote atakuwa amezisamehe meli bure.

Umeniuliza mbona tumenyamaza huku Malindi. Nitakujibu kwa haki. Anayepokea hana haraka ya kuuliza kimetoka wapi.

Sabaki wakati wa kiangazi kikali hushuka sana, hata mapipa ya Nairobi yanaanza kuhesabika. Hayafiki yote: jua linakunywa, mchanga unakunywa, pampu za wakulima zinakunywa. Lakini mto ambao zamani Januari na Februari ulikuwa karibu kulala, sasa una mgeni anayeushika mkono mwaka mzima. Mgeni huyo amekuja na mizigo. Ana mbolea ya vyoo na sabuni, yaani nitrojeni na fosforasi, na hiyo ni karamu ya mwani. Mwani ukinona, mahali pa kwanza unapojitandika ni juu ya matumbawe. Na sisi tunaokunywa maji ya Baricho, yanayovutwa kwenye mchanga wa Sabaki hiyo hiyo na kupelekwa hadi Mombasa, tunashukuru kuwa ule mchanga ni chujio jema. Kwa hiyo hata sisi tunahamisha. Chemchemi za Mzima, zinazoulisha mto Tsavo na kwa hiyo Galana, zinapelekwa Mombasa kwa bomba tangu miaka ya 1950. Galana unatoa Mombasa, unapokea kutoka Tana, na sijasikia aliyekaa na hiyo mito pamoja akaandika nani anamdai nani.

Nisimsingizie mgeni, hata hivyo, kosa la mwenyeji. Ule wekundu wa bahari ya Malindi, unaowakimbiza watalii, haukuletwa na handaki. Niliwahi kuchota Sabaki kwenye chupa pale darajani, mwezi wa Mei, nikaiweka dirishani. Asubuhi tope lilikuwa limekaa chini unene wa nusu kidole, na maji ya juu bado yana rangi ya chai ya maziwa. Hilo ni udongo wa mashamba ya miteremko ya juu, hasa Ukambani. Lipo tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka kama 300 ambalo wanasayansi walilitoboa na kulisoma pete kwa pete kama shina la mti, wakipima madini ya bari yanayokuja na udongo wa mtoni. Udongo ulianza kuongezeka mapema karne ya 20, enzi za walowezi na watu kubanwa kwenye miteremko. Tumbawe liliandika yote. Ukitaka kuliona tope lenyewe, njoo wakati wa kaskazi, linapogeukia kusini kuelekea hifadhi ya bahari ya Malindi. Kusi ikishika linakwenda Mambrui, na watu wa mahoteli wanapumua. Ufuo wetu umejaa mchanga hata gati limeachwa na maji.

Ona mzaha wake: Tana unakosa tope na Sabaki unazama ndani yake. Lau tungeweza kuhamisha tope badala ya maji, mimi ningekuwa wa kwanza kushika bomba.

Lipo jambo moja linalotisha sana kwenye miradi ya namna hii duniani, na kwetu nadhani tumelikwepa kwa bahati. Maji yanapohama, viumbe huhama nayo. Afrika Kusini ilitoboa handaki la zaidi ya kilomita 80 kutoka mto Orange hadi mto Great Fish, likafunguliwa 1975. Great Fish ulikuwa mto wa msimu, ukikauka na kufufuka. Ukageuka wa kutiririka mwaka mzima. Samaki wa Orange wakavuka, kambare akiwemo, na kibaya zaidi, ile kasi ya daima ikawapa makazi inzi weusi wadogo wanaouma mifugo. Idadi yao ikalipuka hadi wafugaji wakapiga kelele. Kwetu, maji ya Ndakaini hupita mtambo wa kusafishia wa Ngethu kabla ya kufika Nairobi. Yanachujwa na kutiwa klorini, hakuna kambare anayevuka hapo. Siku watakapopendekeza mfereji wa wazi kutoka mto hadi mto, kwa ajili ya kilimo, ndiyo siku ya mimi na wewe kwenda barazani.

Na tusijifanye watu wa pwani hatujawahi kutia mkono. Karne ya 19, watu wa usultani wa Witu walichimba mfereji wa Belazoni kuunganisha Tana na mto Ozi, ili vyombo vipite. Zamani hizo Tana ulikuwa na mlango wake mwingine, kusini ya Kipini. Mafuriko yakaingia kwenye ule mfereji, yakaupanua, mto ukaupenda, ukahama. Kipini aliyoizoea kaka yako, yenye mto mkubwa mlangoni, imetokana na majembe ya mkono. Mlango wa zamani ulibaki na chumvi yake. Hakuna aliyekusudia hivyo. Walitaka njia ya mashua tu.

Sasa, kaka yako afanye nini? Maji ya kunywa achote mwisho wa maji kupwa, kabla hayajaanza kujaa, na achote juu juu, asizamishe ndoo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, awe ameshajaza mapipa mapema. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, hana shida sana.

Halafu mpe daftari. Kila siku aandike tarehe ya mwezi mwandamo, maji yalijaa saa ngapi, munyu ulifika wapi (mwembe wa nani, kijiji gani), na kilo za kamba. Asikose siku hata akiwa hana la kuandika. Vipimo vya serikali viko juu mtoni, mbali na mlango. Sheria ya Maji ya 2016 inataka kwanza iwekwe akiba ya maji, ya mahitaji ya watu na ya viumbe vya mtoni, ndipo watu wagawiwe vibali. Bila namba za Ozi, akiba hiyo inakadiriwa na mtu aliyekaa mbali. Kikundi chenu cha watumiaji maji kikiwa na daftari la miaka miwili kinaweza kudai kitu mahususi: Masinga na Kiambere ziachie maji kwa makusudi wakati wa masika, siku kadhaa, kwa tarehe iliyotangazwa mapema ili watu wahamishe mifugo na wakulima watie mbegu. Hilo litamfaa kaka yako kuliko kuziba handaki la Murang'a, ambalo hata likizibwa kesho, maji yake yataishia Masinga.

Mwembe wa yule mzee wa mpunga uwe alama ya kwanza kwenye daftari. Uko ukingo wa kushoto ukipanda mto, una kovu la panga kwenye shina. Wakati ule munyu ulifika hapo siku ya bamvua tu.